Awara ya Soya: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza Isivunjike Kwenye Karai

Awara ni vipande vya mgando wa maziwa ya soya vinavyokaangwa kwenye mafuta mengi na kuliwa vikiwa bado vya moto, pamoja na vitunguu vibichi na viungo vikavu vinavyoitwa yaji. Katika miji ya kaskazini mwa Nigeria kama Kano, Kaduna na Zaria hukaangwa kando ya barabara, na kwa Wayoruba chakula hichohicho hufahamika kwa jina la beske.

Wanaojaribu kuitengeneza nyumbani wakashindwa huleta malalamiko matatu yaleyale: maziwa yamekataa kukatika, vipande vimesambaratika kwenye mafuta, au awara imetoka ikiwa na harufu ya soya mbichi. Karibu wote huamini kwamba kosa lilitokea kwenye karai. Nimeitengeneza mara nyingi, na nimeridhika kwamba kosa hutokea mapema zaidi, ama wakati wa kuchagua soya, ama wakati wa kukatisha maziwa, ama wakati wa kubana mgando. Mafuta ya moto huonyesha tu udhaifu ambao tayari umo ndani ya kipande. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu sufuria ya maziwa, na kukaanga kwenyewe kumepewa nafasi ndogo.

Vitu vinavyohitajika

Vipimo hivi ni vya kilo moja ya soya kavu, ambayo hutoa takriban kilo moja na nusu hadi mbili za mgando uliobanwa, chakula cha watu wanane hadi kumi. Anayejaribu kwa mara ya kwanza apunguze kila kitu kwa nusu, kwani sufuria ndogo ni rahisi kuiongoza.

- Soya kavu, nzima na ambayo haijakaangwa, kilo 1.
- Maji safi lita 8, mbali na yale ya kulowekea na kuoshea.
- Kigandishi kimoja tu kati ya hivi: juisi ya limau au ndimu iliyochujwa mililita 200, siki nyeupe mililita 200, au chumvi ya haluli gramu 25. Chumvi ya haluli ni ile inayouzwa kwa jina la Epsom. Nunua iliyoandikwa kwamba inafaa kuliwa, si ya kuogea.
- Chumvi ya kawaida vijiko vya chai viwili, kitunguu kimoja na pilipili kwa kadiri upendavyo.
- Mafuta ya kukaangia lita moja hadi moja na nusu. Kaskazini mwa Nigeria hupendwa mafuta ya karanga. Ya alizeti hufaa vilevile.
- Sufuria yenye ujazo wa lita 14 au zaidi. Usipokuwa nayo, chemsha maziwa kwa mafungu mawili.
- Blenda, mwiko mrefu wa mbao, chujio la matundu, na vitambaa viwili vya pamba vilivyofumwa kwa karibu, visivyo na harufu ya sabuni.
- Kitu kizito cha kilo 2 na kingine cha kilo 5. Ndoo ndogo ya maji inatosha.
- Kipimajoto cha jikoni, kama unacho. Kila mahali nilipotaja nyuzi nimeeleza pia dalili ya macho.

Soya ipi hugandisha na ipi haigandishi

Nalisisitiza jambo hili kabla ya hatua yoyote kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi katika Afrika Mashariki. Soya nyingi katika masoko yetu hununuliwa kwa ajili ya uji wa lishe, na baadhi ya wauzaji huiuza ikiwa imekwisha kukaangwa ili iwe tayari kusagwa. Soya iliyokaangwa haifai kwa awara. Moto mkavu huibadilisha protini ya soya kiasi kwamba haiyeyuki tena vizuri ndani ya maji, hivyo hubaki kwenye machicha, na unachochuja ni maji meupe yasiyo na kitu cha kugandisha.

Unga wa lishe una kasoro hiyohiyo, na vile vipande vikavu vya soya vinavyopikwa kama nyama havitoi maziwa kabisa. Soya iliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu nayo hutoa mgando haba na dhaifu. Chagua punje zenye ngozi nyororo, za rangi ya krimu au njano hafifu, zisizo na ukungu wala matundu ya wadudu. Ukiitafuna moja iwe ngumu na yenye ladha ya ubichi. Ikivunjika kwa urahisi na kunukia kama karanga, imepita motoni.

Onyo: usitumie kamwe soya ya mbegu kutoka duka la pembejeo. Mbegu hizo huwa zimetiwa dawa, mara nyingi zikiwa na rangi ya waridi, ya kijani au ya buluu, na kuziosha hakuondoi sumu.

Hatua ya 1: Kuchambua na kuloweka

Chambua mawe na punje mbovu, osha soya mara tatu, kisha iloweke kwenye maji yanayoizidi kimo mara tatu, kwa kuwa uzito wake utaongezeka zaidi ya maradufu. Mahali penye joto kama Dar es Salaam au Mombasa saa 6 hadi 8 zinatosha. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru huenda ukahitaji saa 12.

Saa zisikutawale, utawaliwe na punje. Ipasue katikati: ikiwa sehemu ya ndani ni bapa na ina rangi moja hadi kwenye kiini, imelowana. Ikiwa katikati pana kishimo au doa la njano iliyokoza, bado haijafika, na ukiisaga hivyo protini nyingi itabaki kwenye machicha.

Ukiona mapovu mengi juu ya maji au ukisikia harufu ya uchachu, soya imeanza kuchacha. Kwenye joto kali badilisha maji mara moja katikati ya muda. Kisha mwaga maji ya kulowekea na kuosha tena. Ukipenda, sugua punje kati ya viganja ili maganda yaelee na kuondolewa. Awara itakuwa laini zaidi, ingawa wengi wanaoiuza hawafanyi hivyo.

Hatua ya 2: Kusaga kwa maji ya moto

Harufu ya soya mbichi haimo ndani ya punje kavu. Hutokea pale punje inapopondwa, kwa sababu kimeng'enya kilichomo hukutana na mafuta ya soya palipo na maji na hewa. Joto kali hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo anayesaga kwa maji ya baridi na kuuacha mchanganyiko ukae nusu saa anajitengenezea mwenyewe harufu anayoilalamikia.

Chemsha lita 5 kati ya zile 8. Jaza blenda nusu tu, soya sehemu moja na maji ya moto sehemu mbili, na saga dakika mbili hadi tatu. Ukisugua rojo kati ya vidole uhisi kitu kama unga laini wa mahindi, si chenga.

Onyo: mvuke ndani ya blenda iliyofungwa husukuma kifuniko kwa nguvu. Usijaze kupita nusu, funika kwa kitambaa kinene, na anza kwa mwendo wa chini. Kama jagi lako ni la plastiki nyembamba, tumia maji ya baridi, lakini peleka maziwa motoni mara tu yanapochujwa.

Hatua ya 3: Kuchuja

Anayejua kukamua tui la nazi hana jipya la kujifunza hapa. Tandika kitambaa juu ya chujio, mimina rojo, acha lipoe kiasi cha kushikika, kisha kusanya pembe na kukamua kwa nguvu. Rudisha machicha kwenye bakuli, yachanganye na lita 3 zilizobaki, na ukamue tena.

Usiongeze maji kwa tamaa ya kupata maziwa mengi. Zaidi ya lita 10 kwa kilo moja ya soya, protini husambaa mno, na mgando hutoka kama chembe zisizoshikana. Machicha yaliyokamuliwa vizuri huwa makavu na huvunjikavunjika mkononi; yakiwa bado yanateleza, umeacha maziwa ndani yake. Yaweke kando kwa matumizi yaliyoelezwa mwishoni.

Hatua ya 4: Kuchemsha

Maziwa ya soya mabichi hayanywewi. Yana vizuizi vinavyolifanya tumbo lishindwe kusaga protini, navyo huondolewa kwa kuchemsha vya kutosha. Bandika sufuria kwenye moto wa wastani na ukwangue sehemu ya chini kwa mwiko wa mbao bila kuacha, kwa maana protini huganda kwenye kitako na kuungua, na harufu ya kuungua haiondoki tena.

Kabla maziwa hayajachemka kwa kweli, povu jingi litapanda ghafla. Hapo wengi huzima moto wakidhani yameiva, ilhali hayajafika hata nyuzi 100. Punguza moto, ondoa povu kwa upawa, endelea kukoroga hadi mapovu makubwa yatoke chini na kupasuka juu, kisha uhesabu dakika 15 za kuchemka taratibu.

Ukifanikiwa, harufu ya majani mabichi itakuwa imetoweka na maziwa yatanukia kama maharage yaliyoiva.

Hatua ya 5: Kukatisha maziwa

Hapa ndipo awara hupatikana au hupotea, na ninaomba hatua hii isomwe mara mbili kabla ya kubandika sufuria.

*Joto.* Zima moto na uache maziwa yapoe hadi nyuzi 80 hivi. Katika sufuria kubwa isiyofunikwa huchukua takriban dakika 10, na katika ndogo chini ya hapo. Bila kipimajoto, subiri mpaka mvuke uwe bado unapanda lakini uso umetulia kabisa na utando mwembamba umeanza kujikunja ukiupuliza. Kigandishi kikitiwa maziwa yakiwa yanatokota, mgando hujikaza kwa haraka, hutema maji yake na kuwa punje ngumu ambazo hazitashikana kamwe. Kikitiwa chini ya nyuzi 70, mgando hubaki teketeke, na sehemu ya maziwa haikatiki.

*Kuandaa kigandishi.* Changanya kimoja ulichochagua na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Usikimimine kikiwa kikali, kwani kitakatisha papo hapo mahali kinapoangukia na kuacha maziwa mengine hayajaguswa.

*Kutia.* Gawa mara tatu. Koroga maziwa kwa mzunguko mmoja wa nguvu, mimina theluthi ya kwanza, kisha simamisha mwiko wima katikati ili mzunguko ukome. Nyunyiza theluthi ya pili juu ya uso wote, funika, na usiguse kwa dakika 5. Funua utazame. Pale ambapo maji kati ya mabonge bado ni meupe, nyunyiza kidogo kidogo kutoka theluthi ya mwisho, ukiusogeza uso kwa upole bila kufika chini. Funika tena kwa dakika 10.

Kukoroga baada ya mgando kuanza kushikana ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mgando ni wavu wa protini unaojifuma wenyewe na kuyanasa maji na mafuta ya soya. Kila mwiko unaopita unaukata wavu huo. Niliwahi kuharibu soya ya kilo mbili kwa namna hii, kwa kuwa niliona maziwa yanakatika nikadhani kukoroga zaidi kutayasaidia yamalizike. Nilichopata kilifanana na chenga za mchele, na hakuna kizito kilichoweza kuzishikanisha.

*Dalili ya mafanikio.* Mabonge makubwa na laini yataelea ndani ya maji ya njano hafifu yanayopenya mwanga. Chota maji hayo kwenye glasi: yakiwa angavu, kazi imekamilika, yakiwa kama maziwa yaliyozimuliwa, kigandishi hakijatosha. Theluthi ya mwisho ikiisha na maji bado ni meupe, rudisha sufuria kwenye moto mdogo hadi joto lipande tena, halafu ongeza kijiko kimoja cha kigandishi kilichozimuliwa. Mara nyingi kilichopungua ni joto, wala si kigandishi.

*Kigandishi kipi ni bora?* Limau na siki hupatikana kila mahali na husamehe makosa madogo ya kipimo, ila huacha uchachu kidogo na mgando wake ni mwepesi wa kumeguka. Chumvi ya haluli hutoa mgando mtamu zaidi na unaonyumbuka, lakini ikizidi huleta uchungu. Ukwaju nao hutumika, ukikubali rangi ya kahawia na uchachu wake. Wauzaji wengi wa Nigeria hutumia maji machachu yanayoelea juu ya mahindi yaliyolowekwa kwa ajili ya uji. Ni njia nzuri na haina gharama, lakini ukali wa maji hayo hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo simshauri anayeanza. Wapo pia wanaotumia shabu. Mimi siitumii, kwa sababu ni chumvi yenye alumini, huacha ukakasi mdomoni, na vipo vigandishi vingine vinavyofanya kazi hiyo vizuri. Jasi ya kupiga dari isikaribie chakula, hata kama umesikia kwamba tofu, yaani mgando wa soya wa Asia Mashariki, hugandishwa kwa jasi. Inayotumika huko ni ile iliyosafishwa kwa ajili ya kuliwa.

Hatua ya 6: Kuunga na kubana

Tandika kitambaa kilicholowanishwa ndani ya chujio. Chota mabonge kwa upawa bila kuyamwaga kutoka juu, acha maji yachuruzike dakika 2, kisha nyunyiza chumvi, kitunguu na pilipili. Viungo hivyo visagwe na kukamuliwa maji yake kwanza, kwani kila kipande kikubwa cha kitunguu kilichonaswa ndani ni ufa ambao bonge litapasukia.

Fanya haya mgando ukiwa bado wa moto. Mabonge ya moto hushikana yanapobanwa, lakini yaliyopoa hukaa pamoja tu kama mawe ndani ya gunia. Kunja kitambaa vizuri bila mikunjo minene, weka sahani bapa juu yake, kisha kizito cha kilo 2 kwa dakika 10 na baadaye cha kilo 5 kwa dakika 40 hadi 60. Ukianza na kizito kikubwa, mgando laini utapenya kwenye nyuzi za kitambaa na kukinata.

Acha bonge lipoe kabla ya kulifunua. Likiwa tayari husimama lenyewe, hurudi ukilibonyeza kwa kidole, na ukilikata, upande uliokatwa huwa mkavu na nyororo. Kisu kikitoka na maji, funga tena na uongeze nusu saa. Hakuna ufundi wa karai utakaoliokoa bonge lenye maji mengi.

Hatua ya 7: Kukata na kukaanga

Kata vipande vya unene wa sentimita 2. Vyembamba zaidi hukauka hadi ndani, na vinene hubaki baridi katikati. Vikaushe kwa kitambaa safi, kwa maana maji yaliyobaki juu ndiyo yanayorusha mafuta.

Pasha mafuta yenye kina cha sentimita 4 au 5 hadi nyuzi 175. Chovya ncha ya mwiko wa mbao uliokauka: vipovu vidogo vikiuzunguka mara moja na mfululizo, mafuta yako tayari, yakianza kutoa moshi, yamepita. Tia vipande kimoja kimoja vikiachana, na usiviguse kwa dakika 3 za kwanza. Awara huanza kwa kunata kwenye karai, kisha hujiachia yenyewe ganda linapokauka, na anayeigeuza kabla ya hapo huacha nusu yake chini. Geuza, endelea dakika 3 au 4 hadi rangi iwe ya dhahabu, na uweke kwenye chujio mvuke utoke. Ukirundika vipande kwenye bakuli, ganda litalainika.

Wengine huchovya vipande kwenye yai lililopigwa kabla ya kukaanga. Ni kitamu, lakini yai lisitumiwe kuficha mgando uliobanwa vibaya.

Onyo: usiliache karai peke yake. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko cha chuma, usimwagie maji.

Yaji ya kunyunyizia

Changanya vijiko vya mezani 6 vya unga wa mashudu ya karanga, 2 vya pilipili kavu ya unga, kimoja cha tangawizi ya unga, kijiko cha chai kimoja cha chumvi, na chembe ya karafuu. Usipopata mashudu, twanga karanga zilizokaangwa, zifunge kwenye kitambaa na uzikamue mafuta kadiri uwezavyo. Tupa karanga zilizosinyaa, chungu au zenye ukungu kwa sababu ya hatari ya sumukuvu. Asiyeruhusiwa kula karanga apewe chumvi na pilipili tu, na mwenye mzio wa soya asipewe awara kabisa.

Kuhifadhi

Bonge lisilokaangwa hukaa siku 3 au 4 kwenye jokofu likizamishwa ndani ya maji yanayobadilishwa kila siku. Lisipowekwa kwenye baridi, likaangwe siku hiyohiyo, na likiwa na utelezi au harufu kali litupwe. Iliyokaangwa jana irudishwe kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja.

Machicha bado ni chakula, lakini ni mabichi na huharibika kwa saa chache kwenye joto. Yapike siku hiyohiyo: kaanga kwa kitunguu na bizari mpaka yakauke, changanya kikombe kimoja kwenye unga wa maandazi, au yachemshe dakika 20 kabla ya kuwapa kuku.